Tarehe zilizohifadhiwa kama maandishi: kwa nini hifadhidata huzipanga vibaya

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tanganyika ikafuata 9 Desemba 1961. Rwanda na Burundi zilipata uhuru siku moja, 1 Julai 1962, na Uganda 9 Oktoba mwaka huo huo. Zanzibar ilipata wa kwake 10 Desemba 1963, Kenya siku mbili baadaye, 12 Desemba. Kisha yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, 26 Aprili 1964.

Hayo ni matukio manane ambayo chumba chochote cha habari katika ukanda huu huyatafuta kwenye kumbukumbu zake kila mwaka. Tuseme mtu ameyaingiza katika jedwali la hifadhidata, kila tukio na tarehe yake, kwa mtindo tuliouzoea shuleni: siku, mwezi, mwaka, na mkwaju katikati. Congo inakuwa 30/06/1960, Kenya 12/12/1963. Safu ya tarehe ameitengeneza kuwa safu ya maandishi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Kisha anaiambia kompyuta iyapange matukio hayo kuanzia la zamani kabisa.

Jibu linalorudi ni hili:

01/07/1962 Rwanda na Burundi
09/10/1962 Uganda
09/12/1961 Tanganyika
10/12/1963 Zanzibar
12/01/1964 Mapinduzi
12/12/1963 Kenya
26/04/1964 Muungano
30/06/1960 Congo

Congo, iliyotangulia wote, imekuwa ya mwisho. Mapinduzi yametokea kabla ya uhuru wa Kenya. Tanganyika imepata uhuru baada ya Uganda. Na kompyuta haikutoa onyo lolote, wala ujumbe wa kosa. Imefanya hasa ilichoambiwa.

Kompyuta inasoma kama kamusi

Ukiipa hifadhidata maandishi mawili na kuiuliza lipi linatangulia, haitafuti maana yake. Inaanza na herufi ya kwanza ya kila upande na kuzilinganisha. Zikifanana, inakwenda ya pili, kisha ya tatu, mpaka ifike mahali zinapotofautiana. Hapo uamuzi unakatwa, na kilichobaki upande wa kulia hakiangaliwi tena. Ndivyo kamusi inavyoweka "baba" kabla ya "babu": herufi tatu za mwanzo ni sawa, ya nne ndiyo inayoamua.

Sasa linganisha 30/06/1960 na 01/07/1962. Herufi ya kwanza upande mmoja ni 3, upande wa pili ni 0. Sifuri ni ndogo kuliko tatu, basi kesi imekwisha. Mwaka, ambao kwetu sisi ndio jambo kubwa kuliko yote katika tarehe, umekaa mwisho kabisa na haukufikiwa.

Hali hiyo hiyo inaharibu ulizo, yaani swali ambalo programu huiuliza hifadhidata. Muombe akupe matukio yote ya baada ya Januari mosi 1963:

SELECT * FROM matukio WHERE tarehe > '01/01/1963'

Ungetarajia manne: Zanzibar, Kenya, Mapinduzi na Muungano. Utapata yote manane, kwa kuwa hakuna hata tarehe moja katika jedwali letu ambayo, kama maandishi, inatangulia 01/01. Geuza alama iwe "kabla ya", na utapata jedwali tupu. Na ukiomba tarehe kubwa kuliko zote kwa amri ya MAX, ambayo watu huitumia kutafuta tukio la karibuni, utapewa uhuru wa Congo.

Stoo ya dawa

Kumbukumbu za historia zikipangwa vibaya, mhariri atacheka na kurekebisha. Kuna mahali ambapo hakuna wa kucheka. Fikiria stoo ya dawa ya kituo cha afya, ambako programu inaulizwa kila asubuhi ni maboksi gani yamepitwa na muda. Leo ni 20/06/2025. Kwenye rafu kuna maboksi manne, na tarehe za mwisho wa matumizi ni 05/11/2024, 28/02/2025, 03/09/2027 na 25/01/2028.

Ulizo linasema: nipe yote ambayo tarehe yake ya mwisho ni ndogo kuliko '20/06/2025'. Kwa maandishi, 05 ni ndogo kuliko 20, hivyo boksi la kwanza linaorodheshwa kuwa limekwisha muda. Ni kweli, lakini kwa bahati tu. Boksi la pili linaanza na 28, kwa hiyo halimo kwenye orodha, ingawa lilipitwa na muda karibu miezi minne iliyopita. La tatu linaanza na 03, basi programu inaagiza litolewe kwenye rafu na kuteketezwa, wakati lina zaidi ya miaka miwili mbele yake. La nne limeachwa, na hilo ni sawa, tena kwa bahati.

Majibu mawili ni sahihi na mawili si sahihi. Mchanganyiko huo ndio unaolifanya kosa hili liwe baya kuliko programu inayokataa kabisa kuwaka. Mtunza stoo anayeangalia orodha haraka haraka ataona boksi la Novemba 2024 pale juu, ataridhika kwamba mfumo unafanya kazi, na dawa ya Februari itaendelea kutolewa dirishani.

Kwa nini halionekani wakati wa majaribio

Watu huuliza: mtengeneza programu hakuijaribu? Mara nyingi aliijaribu, na ikampa majibu sahihi. Ndani ya mwezi mmoja wa mwaka mmoja, tarehe zilizoandikwa siku kwanza hujipanga vizuri kabisa hata zikiwa maandishi: 03/05/2025 hutangulia 17/05/2025, kwa sababu mwezi na mwaka ni vile vile na siku pekee ndiyo inayotofautiana. Mfumo ukijaribiwa kwa data za wiki mbili tatu, utaonekana mzima. Ukizinduliwa tarehe mosi ya mwezi, utakuwa mzima mwezi mzima. Siku mwezi unapogeuka ndipo ripoti zinaanza kuchanganyika, na kufikia hapo aliyeutengeneza keshalipwa na keshaondoka.

Jambo jingine ni sifuri za mbele. Mtu akiandika 5/6/2025 badala ya 05/06/2025, hata ule utaratibu wa ndani ya mwezi mmoja unavunjika. Tarehe 5 inakuja baada ya tarehe 17, kwa kuwa herufi 5 ni kubwa kuliko herufi 1.

Mwaka ukitangulia

Lipo andiko moja la tarehe ambalo kamusi na kalenda hukubaliana: mwaka kwa tarakimu nne, kisha mwezi kwa mbili, kisha siku kwa mbili. Uhuru wa Congo unakuwa 1960-06-30 na wa Kenya 1963-12-12. Hapo kikubwa kiko kushoto na kidogo kiko kulia, kama vile tunavyoandika namba za kawaida, mamia kabla ya makumi. Ulinganishi wa herufi kwa herufi unaanza na mwaka, ukifanana unakwenda mwezi, kisha siku, na jibu ni sahihi. Huu ndio mtindo uliowekwa na shirika la kimataifa la viwango katika kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Wachina, Wajapani na Wahungari walikuwa wanaanza na mwaka katika maandishi yao ya kila siku bila kusubiri kompyuta.

Masharti yake ni kwamba sifuri zisiachwe. 2025-9-30 itakaa baada ya 2025-10-01, kwa sababu 9 inashindana na 1.

Hii si nadharia tu. SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya kila simu ya Android, haina kabisa aina ya data inayoitwa tarehe. Humo tarehe huwekwa ama kama maandishi yanayoanza na mwaka, ama kama namba. Anayetengeneza programu ya simu hana budi kuijua kanuni hii, maana amri za tarehe za SQLite hazielewi 09/12/1961. Ukizipa andiko hilo hurudisha utupu.

Ikiwa data tayari ziko siku kwanza

Wengi wanaokumbana na tatizo hili hawakulianzisha. Wamekabidhiwa jedwali lenye mistari laki kadhaa na ripoti inatakiwa kesho. Njia ya haraka ni kuigeuza safu kuwa tarehe halisi ndani ya ulizo lenyewe, na kuieleza hifadhidata waziwazi mpangilio uliomo. Katika PostgreSQL na Oracle:

WHERE TO_DATE(tarehe, 'DD/MM/YYYY') > DATE '1963-01-01'

Katika MySQL amri ni STR_TO_DATE(tarehe, '%d/%m/%Y'). Katika SQL Server ni CONVERT(date, tarehe, 103), ambapo 103 ni namba ya mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, siku kwanza. 101 ni wa Marekani, mwezi kwanza. Wanaotumia SQLite hulikata andiko vipande na kuliunga upya:

substr(tarehe,7,4) || '-' || substr(tarehe,4,2) || '-' || substr(tarehe,1,2)

Njia hizi zina gharama mbili. Ya kwanza ni kasi. Hifadhidata huwa na faharasa ya safu, kama faharasa ya nyuma ya kitabu, inayoiwezesha kwenda moja kwa moja kwenye mistari inayotakiwa. Ukiifunga safu ndani ya amri ya kugeuza, faharasa ile ya maandishi haisaidii tena, na kila mstari lazima usomwe na kugeuzwa. Kwa mistari elfu mbili hutahisi kitu. Kwa milioni mbili utakwenda kunywa chai.

Gharama ya pili ni data zenyewe. Safu ya maandishi hupokea chochote. Humo utakuta 31/02/2023, siku isiyokuwepo, utakuta "haijulikani", utakuta nafasi tupu mwishoni, utakuta mwaka peke yake. PostgreSQL ikifika kwenye 31/02/2023 itasimamisha ulizo lote na kutoa kosa. SQL Server nayo itagoma, isipokuwa ukitumia TRY_CONVERT, iliyokuja na toleo la 2012, ambayo huweka utupu mahali pa tarehe mbovu na kuendelea. Binafsi napendelea ile inayogoma. Utupu unaoingia kimyakimya huondoa watu kwenye orodha bila mtu kujua.

Hapa ni vizuri kuondoa dhana moja iliyoenea: kwamba tatizo ni zile alama za kunukuu. Si hivyo. Safu ikiwa ya aina ya tarehe kweli, ukiandika WHERE tarehe > '1963-01-01' hifadhidata itaigeuza hiyo iliyo ndani ya alama kuwa tarehe kwanza, kisha ilinganishe. Kinachoamua ni aina ya safu. Ila watumiaji wa SQL Server wajihadhari: kwa aina ya zamani iitwayo datetime, ikiwa lugha ya mtumiaji imewekwa Kiingereza cha Uingereza, andiko 2024-03-04 linasomwa mwaka, siku, mwezi, na unapata Aprili 3. Andika 20240304, bila vistari, na hakutakuwa na ubishi.

Tarehe yenye sura mbili

Uhuru wa Uganda umeandikwa 09/10/1962. Mpe Mmarekani karatasi hiyo, atakuambia ni Septemba 10. Uhuru wa Tanganyika kwake ni Septemba 12. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu huja na mipangilio ya Marekani, na hakuna anayeibadilisha.

Madhara yake hutokea zaidi kwenye lahajedwali, kabla data hazijafika kwenye hifadhidata. Excel yenye mipangilio ya Marekani ikisomeshwa faili lenye tarehe za siku kwanza, 05/06/2024 inaipokea kama Mei 6 na kuibadilisha kuwa tarehe. Ikifika 13/06/2024 inaona hakuna mwezi wa 13, basi inaiacha kama maandishi. Safu moja sasa ina vitu viwili: tarehe halisi zilizo na makosa, na maandishi yaliyo sahihi. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha, labda kwa kuona kwamba maandishi yameegemea kushoto na tarehe kulia.

Hesabu yake ni rahisi. Siku 12 za mwanzo za kila mwezi zinaweza kusomwa kwa namna mbili, yaani siku 144 kwa mwaka. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 12/12 ya Kenya, zinabaki 132. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kugeuzwa bila programu yoyote kulalamika.

Miaka ya tarakimu mbili inaongeza shaka nyingine. MySQL husoma 00 hadi 69 kuwa ya miaka ya 2000, na 70 hadi 99 kuwa ya 1900. SQL Server, isipobadilishwa, hukata kwenye 49. Mzee aliyezaliwa mwaka 1958 na kuandikwa "58" atakuwa hajazaliwa bado katika mfumo mmoja, na katika mwingine yu hai na umri wake sahihi.

Saa nazo

Safu ikibeba saa pamoja na tarehe, hata andiko la mwaka kwanza lina mtego wake. Ukiuliza miamala ya kati ya '2024-03-01' na '2024-03-31', yote ya siku ya mwisho itakosekana. Andiko 2024-03-31 14:20 ni refu kuliko 2024-03-31, na katika kamusi "kaanga" huja baada ya "kaa". Uliza badala yake kuanzia 2024-03-01 mpaka chini ya 2024-04-01.

Kisha kuna majira. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya majira ya dunia ya UTC, Rwanda, Burundi na Lubumbashi saa mbili, Kinshasa saa moja. Malipo yaliyofanyika Dar es Salaam saa saba na robo usiku wa kuamkia Julai mosi yanaweza kuandikwa 2025-07-01T01:15:00+03:00 na seva moja, na 2025-06-30T22:15:00Z na nyingine. Ni dakika ile ile. Kama maandishi, moja liko Juni na jingine Julai, na hesabu za miezi miwili hazitalingana. Nimeandika "saa saba na robo" kwa makusudi: karani anayeingiza 7:15 kama anavyoisema mdomoni ameiweka saa sita mbali na ukweli, na hakuna amri ya hifadhidata inayoweza kugundua hilo.

Kurekebisha moja kwa moja

Dawa ya kudumu ni kuongeza safu mpya ya aina ya tarehe na kuhamishia data humo. Kwanza tafuta mistari isiyo na umbo linalotarajiwa:

SELECT * FROM matukio WHERE tarehe NOT LIKE '__/__/____' OR tarehe IS NULL

Sehemu ya mwisho isisahauliwe, kwa kuwa mistari mitupu haikamatwi na NOT LIKE. Kisha angalia kama tarakimu za mahali pa mwezi zinazidi 12 popote. Zikizidi, kuna mtu aliyekuwa akiingiza kwa mtindo wa Marekani, na itabidi ujue ni ofisi gani au ni kuanzia lini, kwa sababu tarehe zake nyingine zimejificha kati ya zile 132. Hapo kompyuta haikusaidii tena. Ni kurudi kwenye madaftari na risiti.

Wenye mwaka peke yake wanahitaji uamuzi wa binadamu. Kuwapa wote Januari mosi ni jambo la kawaida, lakini weka safu nyingine inayosema kwamba siku na mwezi ni makisio, vinginevyo mtu atakuja kuandika kwamba nusu ya wazee wa kata walizaliwa siku moja. Safu ya zamani usiifute mpaka ripoti za angalau mwezi mmoja zimelinganishwa.

Baada ya hapo, ukitaka msomaji aone 30/06/1960 kama alivyozoea, igeuze wakati wa kuonyesha tu, kwa TO_CHAR au DATE_FORMAT. Ila iite jina jingine. Ukiandika TO_CHAR(tarehe, 'DD/MM/YYYY') AS tarehe, kisha ORDER BY tarehe, PostgreSQL na MySQL zote mbili, kila moja kwa amri yake, huchukua lile jina jipya kwanza na kupanga kwa maandishi, na Congo itarudi mwisho wa orodha.